Nyama Ndani ya Ngome ya Zege

Kila mwaka sikukuu ya parokia ikifika, bia ikishawapanda watu kichwani, lazima mmoja aanze kile kichekesho. "Jamani, mnajua kwa nini tulishindwa vita? Serikali ilijenga ukuta toka Uholanzi mpaka Uswisi, ngome maelfu kwa maelfu, halafu ikasahau ilikoweka funguo!" Basi watu wanagonga meza, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Kisha wananigeukia mimi. "Isingekuwa Quirin!" Ananiletea bia huyu, ananiletea yule. Nami nainywa. Nifanyeje? Nainywa, halafu natoka nje, nasimama nyuma ya zizi la mwenye baa, najichukia.

Sasa imetosha. Nina miaka sabini na miwili, magoti yamekwisha, mke wangu Apollonia nilimzika mwezi wa kwanza, na shemeji yangu Mechtild alitangulia kabla yake. Hakuna aliyebaki wa kuumizwa na maneno haya ila mimi mwenyewe. Ufunguo wa ngome namba kumi na tisa haukupotea hata dakika moja. Ulikuwa kwangu. Siku zote nne zile ulikuwa kwangu, ndani ya soksi, na soksi ndani ya kiatu changu cha Jumapili.

Ule ukuta ulipojengwa, mwaka wa thelathini na nane, mwaka mmoja kabla ya vita, tulipiga makofi. Msije mkadanganywa na wazee wenzangu wanaojifanya walikuwa wakinung'unika tangu siku ya kwanza. Tulipiga makofi, nami nilipiga. Wakapanda meno ya zege ya kuzuia vifaru katikati ya malisho yangu, safu tano, na ng'ombe wangu wakapata mahali pazuri pa kujikunia. Juu kidogo, ubavuni mwa kilima, wakachimbia ngome: kuta za zege unene wa mita mbili, mlango wa chuma, vitundu vya kupigia bunduki, na ndani nafasi ya kulala watu kumi na wawili.

Miaka miwili baadaye Ufaransa ikaanguka, na ukuta ukawa hauna kazi. Wakang'oa bunduki wakazipeleka kwingine, wakafunga milango, na kila mkulima mwenye ngome shambani mwake akapewa ufunguo ili aangalie maji yasiingie. Karani alinitaka nitie sahihi kwenye karatasi, akaondoka nayo. Baadaye tukasikia yeye kapelekwa Urusi na hakurudi, na ile orodha yake sijui iliishia wapi. Sisi tukatia viazi vyetu humo. Mahali pa kuweka viazi pazuri kuliko pale sijaona: baridi, giza, havichipui mpaka uvitake mwenyewe.

Viazi havikuwa na shida. Shida ilikuwa nguruwe.

Nyinyi vijana hamjui. Wakati ule kila mnyama alihesabiwa. Kulikuwa na Klöckner, kiongozi wa wakulima aliyewekwa na chama tawala hapa kijijini, mtu mwenye shingo nene na daftari jembamba. Alikuwa anaingia zizini kwako bila hodi, anahesabu, anaandika, na akitoka anasimama kwanza nyuma ya ukuta kusikiliza kama kuna mlio aliousahau. Kuchinja bila kibali lilikuwa kosa la kuhujumu taifa. Kijiji cha pili kutoka hapa walimchukua mtu mwezi wa pili, mwaka wa arobaini na nne, kwa ajili ya nguruwe wawili. Baba wa watoto watano! Mkewe aliletewa barua tu, kwamba hukumu imekwisha kutekelezwa. Walimkata kichwa. Kwa ajili ya soseji, jamani.

Pamoja na hayo, nguruwe jike wangu alipozaa tisa, mimi niliandikisha wanane. Kichwa changu kigumu tangu utoto. Yule wa tisa nilimlea kwenye shimo msituni, na mwezi wa nane alipokuwa amenenepa nikamwita shemeji yangu Servas, kaka yake Apollonia.

Servas ndiye aliyekuwa mchinjaji wa kijiji. Huku kwetu mchinjaji hana duka. Majira ya baridi anapita nyumba kwa nyumba na visu vyake ndani ya ngozi, na kila nyumba anakochinja anakula, anakunywa, na anaondoka na fungu lake: mbavu za upande mmoja na soseji mzunguko mmoja. Alikuwa mtu wa mzaha sana, Servas. Aliweza kumchekesha mjane siku ya mazishi. Nilipomwambia ninachotaka alikuna kidevu.

"Shemeji, nguruwe akilia, Klöckner anasikia hadi usingizini."

"Tutamchinjia ndani ya ngome," nikamwambia.

Akanitazama, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini. "Kumbe hiyo ndiyo kazi yake! Nami siku zote najiuliza walijenga ya nini!"

Na kweli, tulimchinjia humo. Alilia kwa sauti yake yote, na Apollonia aliyesimama nje na ndoo hakusikia kitu. Mapipa mawili ya nyama tukayatia chumvi, na mapaja tukayatundika kwenye minyororo ya vitanda vya askari. Servas akataka fungu lake libaki humo humo na nyama nyingine, kwa sababu Klöckner alikuwa na pua pia, na jikoni kwa mkewe Mechtild kungenukia. "Nitalichukua vita vikiisha," akasema. Siku kumi baadaye wakamwita jeshini, na miaka yake arobaini na minne, na ugonjwa wake wa ngiri.

Mwezi wa tisa ukaja, na Wamarekani nao wakaja. Ulikuwa unawasikia magharibi, upande wa mto, mchana kutwa. Ikatoka amri watu wote wahame. Apollonia akafunga ng'ombe watano nyuma ya mkokoteni, akaondoka na Mechtild na watoto watatu wa Servas. Mimi nikabaki, nikisema nawaangalia ng'ombe waliosalia. Ng'ombe walikuwepo, siongopi. Ila nilikuwa nimepanga niitoe nyama taratibu, paja moja kila jioni, niifukie msituni kabla askari hawajafika.

Wakafika asubuhi ya siku iliyofuata.

Walikuwa kumi na wawili. Mungu wangu, mngewaona! Wazee wenye miguu bapa, mmoja kiziwi wa sikio la kushoto, mwingine amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Sajini wao aliitwa Rausch, mfupi, mweusi wa ndevu, sauti imekauka. Na nyuma yake, kofia ya chuma imemfika machoni, nani? Servas. Wakubwa wao walikuwa wameona ni mwenyeji wa huku, wakamtanguliza aonyeshe njia. Ningefurahi. Ningemkumbatia. Lakini ubavuni mwa sajini alikuwa amesimama Klöckner, na sare yake ya chama, na daftari kifuani.

"Mzee, shamba hili lako?" sajini akauliza.

"Langu."

"Lete ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa kanisa! Ufunguo gani tena? Huo mlango pale!"

Nilimtazama Servas, naye akatazama viatu vyake. Niliona kichwani mwangu mlango unafunguliwa, Klöckner anatangulia kuingia, na yale mapaja mawili yananing'inia kwenye vitanda vya serikali. Nikaona shingo yangu, shingo ya Apollonia, na shingo ya huyo mwenye kofia kubwa.

"Ulichukuliwa," nikasema. "Alikuja bwana mmoja wa uhandisi mwezi wa nne, akauchukua."

"Mimi sikuambiwa," akasema Klöckner.

"Wewe kazi yako nguruwe, Klöckner. Funguo hukupewa kuhesabu."

Wale wazee wakaangua kicheko, hata sajini akatabasamu. Klöckner akawa mwekundu, akafunga daftari. Nami, nisamehewe, wakati ule nilijiona mjanja. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Sajini alimtuma mtu na baiskeli makao makuu. Akarudi alasiri na jibu kwamba funguo ziko kwa wenye mashamba. Wenye mashamba walikuwa wamehamishwa, isipokuwa mimi, na mimi sajini alikwisha kuniamini. Ngome namba kumi na nane walikuwa wamevunja kufuli kwa nyundo, lakini ile ilikuwa na mlango wa zamani. Wangu ulikuwa wa aina mpya. Wakaupiga sururu, wakafunga mabomu matatu ya mkono kwenye bawaba, wakalipua. Mlango ukapata doa jeusi, basi.

"Tufurahi," nikamsikia Servas akiwaambia wenzake. "Sasa tumehakikisha hata Mmarekani hawezi kuingia."

Wakacheka tena. Kisha wakachukua majembe, wakaanza kuchimba handaki mbele ya mlango.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo ubaya wangu ulipo. Mimi nilikuwa Verdun, kwenye vita vya kwanza. Nina chuma cha Wafaransa kwenye paja hadi leo. Najua vizuri kabisa kulala kwenye shimo la udongo na mizinga inakutafuta. Hakuna mtu kijijini aliyejua kuliko mimi. Na udongo wa kilima kile naujua pia. Shubiri mbili unakutana na mwamba. Nilisimama dirishani nikawaangalia wale wazee wanachimba, na nikaona handaki linaishia magotini, na nyuma yao, hatua tatu tu, mita mbili za zege zimefungwa.

Siku ya pili Klöckner akatoroka. Asubuhi tu, na masanduku manne na farasi wa jirani. Mtu wa kwanza kukimbia alikuwa yeye aliyetuhubiria kila Jumapili kwamba hatutarudi nyuma hata hatua moja! Basi nani alikuwa amebaki wa kuhesabu nguruwe? Hakuna. Ningefungua siku ile. Ningefungua saa ile ile. Lakini sasa nilikuwa nimekwisha kumdanganya sajini mbele ya askari wake, na kumficha sajini ufunguo wa ngome adui akiwa mtoni, hilo nalo lilikuwa kosa la kupigwa risasi papo hapo, bila barua. Uongo wa kwanza niliusema kwa kuogopa nyama. Wa pili niliukalia kwa kuogopa uongo wa kwanza. Nikawapelekea supu ya viazi badala ya ufunguo, chungu kizima, nao wakanishukuru. Yule mwenye miwani ya uzi aliniita baba, ingawa alinizidi umri.

Siku ya tatu Servas akanifuata zizini nikikamua. Aliegemea mlango, akavua kofia, na paji lake lilikuwa na alama nyekundu ya ule ukingo wa chuma.

"Uko wapi?" akauliza.

Sikujifanya sielewi. "Kiatuni."

"Shemeji, fungua."

"Atanipiga risasi, Servas."

"Rausch? Rausch ana watoto wanne na anawaza miguu yake inayomuuma tu. Mwambie umeuokota darini. Wazee wanasahau. Hata akikasirika atakutukana, basi, utakufa kwa matusi?"

"Na damu ile sakafuni? Na mapipa? Kisu kilikuwa chako, usisahau."

"Sijasahau." Ng'ombe alikuwa anatafuna, na kule mtoni bunduki za mashine zilikuwa zinajibizana. "Mimi wale nimelala nao kwenye tope wiki tatu. Wakiniua kwa ajili ya nyama ile, basi waniue. Lakini pale nje, Quirin, nje pale sisi ni viazi juu ya meza. Nakuomba."

Aliniomba. Hakutumia mzaha. Katika miaka ishirini ya kuwa shemeji yangu, hiyo ndiyo mara moja niliyomsikia akisema neno bila kutia mzaha, na mimi niliendelea kukamua kwa sababu sikuweza kumtazama.

"Kesho," nikasema. "Niache nifikirie namna ya kusema. Kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Kesho tu, shemeji!"

Akavaa kofia yake. "Basi nakupa mpaka saa sita mchana. Saa sita ikipita nitamwambia mwenyewe, nitasema nyama ni yangu peke yangu, na wewe hujui kitu. Dada yangu Ploni asiguswe." Alipofika uani akageuka. "Na ukifungua, mbavu zangu usiziguse. Nimezihesabu."

Angeweza kusema siku ile ile. Angeweza kusema siku ya kwanza. Hilo ndilo linaloniua. Alikuwa na maneno mawili tu ya kutamka ili alale ndani ya zege yeye na wenzake kumi na mmoja, na aliyameza kwa ajili yangu, akarudi kulala nje.

Asubuhi ya siku ya nne nilikuwa nimepata la kusema. Nilikuwa nimelipanga vizuri: nimeukuta kwenye sanduku la vyuma, nimeutafuta siku tatu. Nilikunywa maziwa. Nilichana nywele, mnasikia? Nilichana nywele, kana kwamba nakwenda kuposa. Nikavaa kiatu cha Jumapili mguu mmoja, na cha pili nikakitia mkono kutoa soksi, ndipo kombora la kwanza la mzinga likaanguka juu ya malisho. Ilikuwa saa nne na dakika chache.

Nilijua sauti ile. Kombora la pili, la tatu, lilipita juu ya paa langu likinguruma, na madirisha yakaingia ndani. Nilikimbia. Hili ni kweli, na ndilo peke yake wanalolisimulia baa: Quirin alikimbia kupanda kilima katikati ya mizinga, na mguu wake mbovu, kiatu kimoja, ufunguo mkononi. Wanalisimulia kwa sauti ya fahari. Hawajui nilikuwa nalia na kusema "saa sita, alisema saa sita", kana kwamba Wamarekani wamenidhulumu.

Nilipofika, handaki halikuwepo tena. Kulikuwa na udongo tu na miti iliyovunjika na watu. Niliruka juu yao. Ufunguo uliingia, mlango ukafunguka bila taabu yoyote, maana nilikuwa naupaka mafuta kila mwezi kwa ajili ya viazi.

"Ndani!" nikapiga kelele. "Ndani! Ndani!"

Waliingia wanne kwa miguu yao. Sajini Rausch na mimi tukamburuta Servas kwa mikanda yake, mimi bega la kushoto, yeye la kulia. Mlango ukafungwa, na dunia ikanyamaza. Zege la mita mbili. Mizinga ilikuwa inapiga juu yetu na tulisikia kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya pili. Walikaa chini, wakanitazama kwa macho ya shukrani, na yule mwenye miwani ya uzi hakuwa miongoni mwao.

Sajini akawasha tochi ili aone jeraha la Servas. Mwanga ukapita ukutani, ukapita kwenye mapaja. Ukarudi. Ukashuka kwenye pipa, kwenye chungu cha chumvi, kwenye doa la sakafuni. Kisha akanimulika mimi usoni, na baadaye mkono wangu, ambao bado ulikuwa umeshika ufunguo na ile soksi.

Alielewa yote. Sikuwa na haja ya kusema kitu.

"Kwa ajili ya hii?" akauliza.

"Klöckner alikuwa... wangetukata vichwa, sajini. Mtu wa kijiji cha pili..."

"Mzee." Sauti ilikuwa imemkauka kabisa, alikuwa ananong'ona. "Sisi hatujaonja nyama tangu mwezi wa saba. Tungekula. Unanisikia? Tungeikata, tungeila, tungekubusu miguu. Mpumbavu we. Tungekula tu."

Hakuna aliyewahi kunitukana tusi zito kuliko hilo. Siku zote zile nilikuwa namwogopa mtu mwenye daftari, na mbele yangu walikuwa wamekaa watu kumi na wawili wenye njaa. Haikunipitia akilini. Naapa, haikunipitia akilini kwamba askari akiona nyama, anachotaka ni kula.

Servas alikuwa amefumbua macho. Jeraha lilikuwa tumboni, na mimi na yeye tulikuwa tumeshaona matumbo ya kutosha kujua. Nikamlaza kichwa kwenye paja langu. Aliangalia juu, kwenye minyororo, kwa muda mrefu, akiwa kama anakagua kazi yake.

"Imekauka vizuri," akasema.

Nikamwambia anisamehe. Nilisema mara nyingi, sijui ngapi. Sijui kama alisikia. Alikuwa ananitazama, lakini macho yalikuwa hayanishiki. Alikufa saa nne na nusu. Sajini alitazama saa yake, akaandika.

Wamarekani walipanda kilima kesho yake. Rausch alitoka na shuka jeupe. Kabla ya kutoka alinipita bila neno, akatema mate karibu na kiatu changu, akanyanyua mikono. Wale watatu wengine, waliozibwa masikio na mizinga, hawakuwa wamesikia alichoninong'onea; walikuwa wameona mzee mmoja tu anakimbia katikati ya moto na ufunguo, na hiyo ndiyo habari waliyoisambaza kila walikopita, Mungu awabariki kwa ujinga wao. Wamarekani wakachukua mapaja, pipa moja wakalimwaga, lingine lilikuwa chini ya viazi na hawakuliona.

Watu waliporudi majira ya kuchipua, mimi nilikuwa nimeshakuwa shujaa. Apollonia alinishika uso kwa mikono yote miwili mbele ya kanisa. "Ulimkimbilia kaka yangu," akasema, "kwa mguu huu." Nifungue mdomo nimwambie nini? Nilinyamaza. Nilinyamaza naye miaka ishirini na miwili, kitanda kimoja, na alikufa akijua ameolewa na mtu mwema.

Lakini kwa Mechtild sikuweza. Mwezi wa nne ule njaa ilikuwa imeingia kila nyumba. Watoto wa Servas walikuwa wanachuma majani yawashayo ya kupika kando ya barabara. Nikafukua lile pipa. Nikatoa mbavu za upande mmoja, nikaziosha chumvi, nikazifunga kwenye kitambaa, nikampelekea mchana kweupe.

Alipofungua kile kitambaa alikaa chini. Halafu akanyanyuka, akanishika mkono akataka kuubusu. "Shemeji, Mungu aibariki nyumba yako," akasema. "Ulikwenda kumtoa, na sasa unawalisha wanawe."

"Usinibusu," nikasema. Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kofia mkononi, kama ninavyowaambia nyinyi, ila kwa maneno machache zaidi. Habari ya nguruwe, habari ya soksi, hata habari ya kuchana nywele. Yote.

Hakupiga kelele. Alikuwa ameegemea meza.

"Alikuomba?"

"Aliniomba."

"Mara ngapi?"

"Moja. Akanipa mpaka saa sita."

"Na akafa saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea bei dukani. Nilikuwa nasubiri anitupie zile mbavu usoni. Nilikuwa nazisubiri, nilizitaka, ningemshukuru. Angenipiga na chungu, angeniita muuaji mbele ya majirani, ningepiga magoti pale pale na ingekuwa nafuu kwangu.

"Ploni hajui?"

"Hajui."

"Asijue. Kaka yake amekwisha. Usimnyang'anye na mume." Akachukua kisu cha Servas kilichokuwa ukutani, akaikata ile nyama vipande vidogo, polepole, akaitia chunguni pamoja na yale majani yawashayo. Hakuniambia niondoke wala nikae. Nilisimama mpaka ikaiva, na nyumba nzima ikanukia.

Akawaita watoto. Walikuja mbio, wote watatu, wakakaa mezani macho yamewatoka. Aliwagawia. Yeye mwenyewe hakujitilia.

"Kabla hamjala," akasema, "mshukuruni Baba Quirin. Nyama hii imetoka kwake."

"Mechtild," nikasema. "Tafadhali."

"Mshukuruni," akarudia, na alikuwa ananitazama mimi, si wao.

Wakanishukuru wote kwa pamoja. Yule mdogo alikuwa ameshajaza mdomo, basi mama yake akamshika bega, akamwambia ameze kwanza, kisha aseme tena, peke yake, kwa sauti, kwa sababu yeye mama yake hakusikia vizuri.